Nimealikwa kwenye msafara wa baiskeli wa watu uchi hapa London, mwenye uzoefu naomba mawazo

Mtoto_wa_Ngamiani aliandika:

Habari zenu wadau, samahani posti itakuwa ndefu kidogo.

Mi niko London mwaka wa nne sasa, naishi Leyton, nafanya kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee upande wa Mile End. Kazini naenda kwa baiskeli, maana zamu ya asubuhi inaanza saa moja na nauli ukiijumlisha mwisho wa mwezi inaumiza, alafu mi ni mtoto wa Tanga, baiskeli nimeijua kabla sijajua kusoma, baba alikuwa ananipakia kwenye karia ananishusha shule ndo anaenda zake kazini. Kwa hiyo kuendesha sio shida yangu.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana niligongwa na mlango. Gari limepaki pembeni, mi napita zangu taratibu, taa nimewasha mbele na nyuma, kizibao cha njano kinachong'aa nimevaa, jamaa akafungua mlango bila hata kutupia jicho kioo cha pembeni, nikaupiga na bega nikarushwa katikati ya barabara, bahati nzuri nyuma hakukuwa na basi. Mtulinga ukavunjika, wiki nane sijaenda kazini. Na kilichoniuma kuliko mfupa ni yule kaka alivyoshuka akawa anarudia neno moja tu, sikukuona, samahani dada sikukuona. Na kizibao cha njano chote kile jamani.

Sasa pale kazini kuna dada Mwingereza naye ni mtu wa baiskeli, kaniambia jumamosi ya pili ya mwezi wa sita kuna msafara unaitwa World Naked Bike Ride, watu wanapita katikati ya mji mchana kweupe wakiwa uchi au nusu uchi, kudai madereva wawaone. Anataka twende wote. Siku ya kwanza nilikataa palepale. Alafu usiku nikawa nageuka kitandani nawaza lile neno sikukuona.

Naomba kujua, hivi polisi hawakamati? Mi niko kwa viza, sitaki jina langu liingie kwenye kitu chochote. Je ni lazima kuvua? Na picha je, maana siku hizi kitu kinapigwa London saa nane, saa tisa kiko kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Na zaidi ya yote, mnaona ina maana au ni watu tu wanataka kujionyesha? Naombeni majibu ya kweli, sio kejeli.

---

Mzee_wa_Pedeli alijibu:

Pole sana dada kwa ajali. Mimi ni Mkenya, niko Lewisham, nimeenda huo msafara mara tatu kwa hivyo wacha nikuambie vile uko.

Tuanze na sheria juu hiyo ndiyo inakusumbua. Hapa England na Wales, kuwa uchi hadharani peke yake si kosa. Kuna sheria ya makosa ya kingono ya 2003, kifungu cha 66, hiyo inasema kosa ni kuonyesha sehemu za siri kwa nia ya kwamba mtu azione na ashtuke ama aumie moyo. Neno kubwa hapo ni nia. Mtu anaendesha baiskeli na wenzake kwa maandamano hana hiyo nia, na polisi wanajua, miaka yote mitatu nimeona polisi wako hapo hapo kando ya msafara na hakuna mtu aliguswa kwa sababu ya kukosa nguo. Lakini mtu akianza tabia za ajabu, hiyo ni kesi ingine, na wasimamizi wenyewe ndio wa kwanza kumtoa. Mimi si wakili, kama viza inakunyima usingizi uliza wakili wa uhamiaji, ama nenda na nguo na hutakuwa na swali lolote la kujibu.

Na ndiyo, unaweza kwenda na nguo. Watu wengi hawajui hii. Msemo wao ni vua kadiri unavyothubutu, hakuna mtu anakuangalia vibaya ukiwa na kaptula na fulana. Hakuna kujiandikisha, hakuna pesa, unakuja tu na baiskeli yako na breki zinazoshika. Wanaanzia sehemu kadhaa za mji, Tower Hill ni moja, kisha vikundi vinakutana katikati na kumalizia Wellington Arch pale Hyde Park Corner.

Kitu ilianza 2004. Kuna mwanaharakati wa Vancouver, Kanada, anaitwa Conrad Schmidt, ndiye aliyeitisha, na mwezi wa sita mwaka huo ikafanyika miji 28 kwa nchi 10, London ikiwemo. Mwanzoni kelele kubwa ilikuwa mafuta, vile dunia imejifunga kwa magari na petroli, alafu usalama wa wenye baiskeli, alafu watu waache kuonea miili yao aibu. Kule kusini mwa dunia wanafanya mwezi wa tatu juu ndio jua liko, hata Cape Town imewahi kufanyika.

Sasa nikuambie siku yenyewe. Unafika bustanini watu wote wamevaa, wanapaka losheni ya jua, wanachorana rangi mgongoni, na kila mtu anaangalia chini kama wageni kwa matanga. Nusu saa ya kwanza ni mbaya, sitakudanganya. Kisha mtu mmoja anavua, wengine wanafuata, na baada ya dakika kumi barabarani macho yamezoea na unaanza kuona vitu vingine, huyu ana kovu la upasuaji kifuani, yule mguu mmoja ni wa bandia, mzee wa miaka kama sabini hivi anapanda daraja la Westminster polepole na mgongoni ameandikwa kwa rangi nyeusi UNANIONA SASA? Nilimfuata nyuma yule mzee nikisoma hayo maneno na koo likanikaba. Mimi nilimzika rafiki wa baiskeli 2016, lori lilimkatia kona. Hapo aligongwa waliweka ile baiskeli nyeupe ya kumkumbuka aliyekufa, ile ya kupakwa rangi yote mpaka cheni, na mimi hupita hapo kila wiki. Kwa hivyo ukiuliza kama ina maana, kwangu iko nayo.

Picha: hapo sina dawa. Ni barabara ya umma, mtu yeyote anaweza kupiga. Vaa miwani ya jua, paka rangi usoni, vaa wigi. Na beba taulo la kuweka juu ya siti, hata ukiwa na kaptula.

---

Bi_Malindi alijibu:

Mwanangu, kwanza pole kwa huo mtulinga, na namshukuru Mungu hukupitiwa na gari la nyuma.

Mie ni mtu mzima, nipo huku Uingereza tokea 2001, na nitasema ninaloliamini. Usende. Sisemi kwa kukuhukumu, nasema kama ningemwambia binti yangu wa kumzaa. Sisi tumelelewa kwenye stara, na stara si nguo tu, ni kitu unachokaa nacho ndani, ukishakitoa siku moja mbele ya watu elfu hujui kama kitarudi vilevile. Na hao wenzio Waingereza hawatopoteza kitu, wao wakirudi kwao jumapili watakula wamelala. Wewe una mama Tanga, una shangazi, una watu wa kukupigia simu.

Alafu kuna watoto. Mwaka mmoja tulikwenda Brighton na wajukuu kutembea pwani, mara wakatokea hao, wengi kwelikweli, kengele zinalia. Mjukuu wangu wa miaka sita akanishika mkono akaniuliza, bibi, hawa nguo zao nani kazichukua? Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina. Mtu ana haki yake ya kudai, lakini na mie nilikuwa na haki ya kuchagua mjukuu wangu aone nini siku ile.

Na hilo la kugongwa mie nalishika kwa mikono miwili. Hivi vyombo vya moto vinatumaliza. Ila zipo njia za kulisema hali umejifunika.

---

Mzee_wa_Pedeli alijibu:

Bi mkubwa shikamoo, nimekusikia, na hilo la mtoto ni kweli, sina jibu lake pia.

Dada, kama unataka njia ya kuvaa nguo zote, ijumaa ya mwisho ya kila mwezi nenda South Bank chini ya daraja la Waterloo jioni. Hiyo ni Critical Mass, iko London tangu 1994, mamia ya watu na baiskeli zao wanatembea mjini pamoja. Polisi walijaribu kusema lazima watoe notisi mapema, kesi ikapanda hadi juu kabisa na 2008 wale majaji wa House of Lords wakasema hapana, msafara ambao umekuwa desturi hauhitaji kutoa notisi, hata kama njia yake haijapangwa na inabadilika kila mara. Nairobi pia kuna Critical Mass, wote wamevaa, na mwenye baiskeli wa Nairobi anaumia kuliko sisi huku.

---

Nyeri_Damu alijibu:

Naona mnaongea kama kuvua nguo kudai haki ni kitu cha wazungu, wacha niwakumbushe ya kwetu.

1992 nilikuwa mtoto Nairobi. Mwisho wa mwezi wa pili akina mama, wengi wao wazee wa kutoka mashambani, walikaa pale Uhuru Park wakagoma kula wakitaka watoto wao waliofungwa kwa siasa waachiliwe. Mama yake Koigi wa Wamwere, mwanasiasa aliyekuwa jela, alikuwepo. Wangari Maathai alikuwepo. Tarehe 3 mwezi wa tatu polisi wakawavamia na marungu na gesi ya machozi, Wangari akapigwa mpaka akazimia, na wale mama walipoona hakuna kingine kimebaki mkononi, wakavua. Askari vijana, wenye rungu, wakageuza uso. Juu kwetu uchi wa mama aliyekuzaa si wa kuangaliwa, ni laana inatembea. Baadaye walihamia All Saints Cathedral wakaendelea, na mapema 1993 karibu wale wafungwa wote walikuwa wametoka. Ile kona ya Uhuru Park inaitwa Freedom Corner mpaka leo, mamangu hupita hapo akinyamaza.

Na Uganda, kule Amuru, 2015 mama wazee walivua mbele ya mawaziri wa serikali juu ya ardhi yao.

Sasa sisemi hii ya London ni sawa na hiyo. Si sawa hata kidogo. Wale mama walikuwa wanalaani, na ilikuwa kitu cha mwisho kabisa, mtu hafanyi kila mwaka mwezi wa sita. Hawa wa baiskeli hawalaani mtu, wao wanaonyesha ngozi ili dereva aone kati ya bampa yake na mtu hakuna kitu, hakuna chuma, ni nyama tu. Hiyo naielewa. Kitu sielewi ni vile wengine wanaifanya pati, vinywaji, muziki, mtu amevaa masikio ya sungura. Hapo mimi ndio nashindwa kuunganisha na mtu aliyekufa chini ya lori.

Dada ukienda nenda na sababu yako, usibebe ya mtu mwingine.

---

Kigoma_Portland alijibu:

Mimi niko Portland, Oregon, huku ndo kama makao makuu ya huu msafara, kuna miaka wamefika watu kama elfu kumi, unakaa njia panda dakika arobaini hawajaisha kupita. Huku wanafanya usiku usiku, unasikia kwanza kengele za baiskeli kwa mbali kama mvua ya mawe kwenye bati, alafu ndo wanatokea.

Kisheria huku mji una amri inayokataza kuonyesha sehemu za siri hadharani, lakini usiku wa msafara polisi wanakaa wanaongoza magari tu. 2008 kuna jamaa alikamatwa anaendesha uchi peke yake, siku nyingine kabisa, akapelekwa mahakamani, jaji akamwachia akisema kuendesha baiskeli uchi hapa Portland ni mila iliyokwisha kukubalika na ni namna ya kupinga. Na 2013 mpaka makumbusho ya sanaa ya mji yalihusika, walikuwa na maonyesho ya baiskeli, msafara ukaanzia pale nje, na usiku ule kiingilio kilikuwa dola moja kwa kila nguo uliyovaa, kwa hiyo asiye na nguo anaingia bure.

Mimi sijawahi kuvua na sitavua. Mke wangu ni mwalimu wa jumapili kanisani na mimi mwenyewe moyo haujanituma. Ila nimejitolea mara mbili kuziba njia panda, yaani unasimama na baiskeli yako umeilaza ubavu mbele ya magari ili msafara upite bila kukatwa, nguo zote mwilini na helmeti juu. Kazi yangu ilikuwa kuongea na madereva waliokasirika. Kuna baba mmoja alishuka kwenye pikapu anafoka anataka kupita, nikamwambia kaka hawa ni watu, subiri kidogo, akasimama pale na mimi, baada ya kama dakika ishirini akaniambia mtoto wake wa kiume anaenda chuo kwa baiskeli kila siku na hajawahi kumuuliza anapita njia gani.

Kuhusu picha Mzee wa Pedeli kasema kweli ila hajasema yote. Mimi nilikuwa NIMEVAA na bado ikanifikia. Mtu kapiga picha, mimi nimesimama na fulana yangu ya bluu, nyuma yangu watu kama mia wako uchi wa mnyama, ikazunguka ikamfikia mama Kigoma. Nilikaa kwenye simu saa nzima na nusu. Mama analia, anauliza ni dini gani hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu, kabla hujaenda mpigie mama yako wewe mwenyewe, asikie kwa mdomo wako kabla hajaona kwa jicho.

---

Mtoto_wa_Ngamiani aliandika:

Nawashukuru wote, sana tu. Bi Malindi shikamoo, maneno yako nimeyasoma mara tatu. Nyeri_Damu ile ya 1992 sikuijua kabisa, nimekaa kimya muda mrefu baada ya kusoma.

Nimempigia mama. Alinyamaza weee, nikadhani simu imekatika, alafu akaniuliza, hao watu walikuja hospitali kukuona ulipovunjika? Nikamwambia yule dada wa kazini alikuja kila baada ya siku mbili, ananipikia, ananifunga kitambaa cha mkono. Mama akasema basi msindikize, lakini usivue, na ubebe kanga.

---

Mtoto_wa_Ngamiani aliandika (wiki mbili baadaye):

Nimeahidi mrejesho ndo huu.

Nimeenda. Kaptula nyeusi, brazia ya mazoezi ile pana, na kanga ya mama nimejifunga kiunoni kama pwani, ile yenye jina SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU. Mabega wazi. Pale Tower Hill yule dada akanichorea juu ya kovu la mtulinga kimlango kidogo cha gari kwa rangi nyekundu, na chini yake akaandika kwa Kiingereza SIKUKUONA. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa baridi, yeye alikuwa ameshavua.

Nusu saa ya kwanza ni kama Mzee wa Pedeli alivyosema, nilitamani ardhi ipasuke. Kuna wanaume wawili watatu wamesimama pembeni na kamera ndefu hawana hata baiskeli, hao walinikera, na wasimamizi wakawafuata wakawaambia wasogee. Alafu tukaanza kukanyaga na ikawa kama nilivyokuwa mdogo Tanga, barabara yote baiskeli, huogopi kushoto huogopi kulia. Sijawahi kuendesha London hivyo. Miaka minne naendesha huku mabega yamepanda mpaka masikioni, siku ile nikagundua yameshuka yenyewe.

Karibu na Piccadilly Circus tulisimama kidogo maana mbele kulikuwa na foleni. Pembeni yangu kulikuwa na teksi nyeusi, dereva mtu mzima, kioo kashusha. Akaangalia bega langu. Nikaona midomo yake inasoma. Alafu akanyoosha mkono akarekebisha kile kioo chake cha pembeni, polepole, akakiweka sawa, akanitikisia kichwa. Hakusema kitu na mimi sikusema kitu, msafara ukaondoka.

Nilimuuliza yule dada kwa nini hasa yeye anavua mpaka mwisho, akasema mwaka wa kwanza alikwenda na nguo zote, watu barabarani walimwona kama mtu wa mazoezi, magari yakapiga honi kama kawaida. Mi siwezi kuvua na sijutii kutovua. Lakini wale waliovua ndo waliofanya mji usimame nikapita mimi na kanga yangu, hilo nalikiri.

Na kingine ambacho wengi wetu hatukijui, tangu mwezi wa kwanza 2022 ule mwongozo wa barabara wa huku unasema ukipita baiskeli uache nafasi isiyopungua mita moja na nusu, na mlango wa gari uufungue kwa mkono wa mbali, yaani kama mlango uko kulia unatumia mkono wa kushoto, mwili unageuka wenyewe na unaona nyuma. Wenye magari humu ndani naomba mjaribu leo, ni kitu cha sekunde mbili.

---

Bi_Malindi alijibu:

Alhamdulillahi umerudi salama. Bado nasimama pale pale niliposimama, ila hiyo kanga imenifurahisha, na mama yako ana busara. Huo wa mkono wa mbali nimemwambia mwanangu, anajifunza.

Na bega vipi? Umelifanyisha mazoezi?

---

Mtoto_wa_Ngamiani aliandika:

Bado linavuta nikiinua mkono juu ya kichwa bi mkubwa, hasa asubuhi. Nakanda kwa maji ya moto. Kesho nina zamu ya saa moja, naenda na baiskeli.